Jina la Aliyelala Dirma

Paje, Unguja
4 Juni 2003

Mama Lucia,

Pokea salamu kutoka ng'ambo ya maji. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu inavimba kwa joto na masikio yanalia tangu niliposhuka kwenye boti. Habari za boti sitazisimulia. Inatosha kusema nilitapika mbele ya watoto wa shule. Nawe u hali gani? Mama mkwe wako je? Lucia anaenda shule? Na yule ng'ombe mwekundu mwenye mimba, kama amezaa niambie ni jike au dume kabla ya habari nyingine yoyote.

Mume wako Sebastiani ni mzima. Analinda hoteli kama alivyotuandikia, ila mimi sipaoni anapolinda, kwa sababu ananiambia wazee hawaruhusiwi kufika getini. Ana rafiki anaitwa Hilary, kijana wa Singida, anayeendesha gari la kutembeza wageni. Kiti kikibaki wazi, Hilary ananipakia. Kwa hiyo baba mkwe wako sasa ni mtalii. Cheka tu, hata mimi nimecheka.

Juzi tulikwenda Maruhubi. Ni jumba la kifalme lililoungua, zimebaki nguzo kubwa zimesimama zenyewe bila paa, na mahali pa kuogea wake wa sultani. Nikamwuliza Hilary, nani anakaa hapa? Akasema hakuna. Nikamwuliza, sasa tumekuja kumsalimia nani? Akacheka mpaka akashika usukani. Wazungu walizunguka zile nguzo saa nzima, wakizigusagusa. Kwetu nyumba ikiungua tunahama. Hapa nyumba iliungua zaidi ya miaka mia iliyopita, na ndiyo kwanza watu wanakuja.

Jana tukaenda msitu wa Jozani. Kuna kima wekundu, mgongo kama ametandikwa blanketi. Kima hao wana msitu wao, wana askari wao, na ukitaka kuwaona unalipa. Nilisimama pale nikawaza malisho yetu ya Dirma yalivyochukuliwa yakawa ngano, na hakuna aliyelipa hata kutuangalia. Sielewi, Mama Lucia. Kila siku nalala na jambo moja nisiloelewa, naamka na mawili.

Watu hapa wakiniuliza natoka wapi nasema mkoa wa Manyara. Wanasema hilo ni ziwa, mzee. Nimechoka kubishana, siku hizi nasema Arusha kama zamani.

Sasa lile la kilimani. Nilikuambia siku naondoka, narudia. Bung'eda ya baba yangu, kile kilima cha kaburi lake, iko katikati ya lile shamba kubwa la ngano, na trekta zimeikwangua miaka yote mpaka umebaki mgongo mdogo wa udongo ambao mgeni hawezi kuujua. Unaujua wewe kwa sababu nilikuonyesha ulipokuja na majani mkononi mwaka ulioolewa. Mtu yeyote akiuliza kaburi liko wapi, wewe hujui. Miaka ile wenye shamba la ngano walituuliza makaburi yako wapi, tukawaonyesha kwa heshima, na walipoanza kulima walianza na hayo. Nyamaza mpaka nirudi mwisho wa Julai.

Wasalimie wote hapo bomani.

Ni mimi baba yenu,
Gidahosh


Dirma
25 Juni 2003

Baba,

Shikamoo. Mama anasema nikusalimie sana na kwamba usile vitu vya baharini vyenye miguu mingi. Sisi tu wazima, Lucia alikuwa na kikohozi lakini kimepona. Mvua zimekwisha, upepo wa Hanang umeanza, na vumbi linaingia mpaka kwenye uji.

Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Nimeanza na hilo kama ulivyoagiza, ingawa mkono wangu ulitaka kuanza na jingine.

Juu ya bahasha utaona mwandiko wa Mwalimu Joakimu wa Hirbadaw. Usishangae. Jina lako silitamki, na nilipokaa na kalamu nikaona hata kuliandika siwezi, kidole kiligoma. Karani wa posta pale Katesh alicheka sana. Alisema, "Mama, sasa barua unampelekea nani?" Nikamwambia, baba wa mume wangu. Akasema Unguja kuna baba wa waume wengi.

Baba, mambo yamebadilika. Lile shamba la ngano limefungwa na sasa linagawanywa kwa wanakijiji. Amekuja mpimaji anaitwa Xavery, mtu mpole, ana kofia na daftari kubwa. Ametangaza mbele ya mkutano: kaburi lolote litakaloonyeshwa litaachiwa hatua thelathini kila upande na kuandikwa daftarini, na hakuna atakayelilima tena, yeye wala mwanawe. Lakini lazima mtu wa boma lenyewe asimame pale juu, mbele ya mashahidi, ataje jina la aliyelala. Anasema kwingine watu walionyesha vichuguu wakadai ni babu zao. Vipimo vya upande wetu ni tarehe 12 Agosti. Kaburi lisilo na jina siku hiyo linahesabiwa ni shamba.

Alifika nyumbani akaniuliza. Nikasema sijui, kama ulivyoniamuru. Alinitazama kama mtu anayejua kuwa nadanganya, akaandika kitu, akaondoka.

Kipande chenyewe kimeangukia kwa Akonaay. Ni mtu wa kwetu Mbulu, wa kabila langu, unamfahamu. Alinijia kisimani akaniambia kwa lugha yetu, "Dada, wewe ni wetu. Kama pale pana mtu, niambie, nisije nikalima mifupa." Nikamwambia hakuna kitu. Baba, nimemdanganya mtu mwema usoni, na tangu siku hiyo anaponisalimia naangalia ndoo.

Na hata nikionyesha, jina nani atalitaja? Baba zetu wadogo wako Usangu na ng'ombe. Wifi zangu wameolewa mbali. Wewe na Baba Lucia mko huko. Bomani tumebaki wake tu, na mke hamtaji baba mkwe wala aliyemzaa baba mkwe. Nilimwuliza Mama, akaniambia, "Mdomo wa mke haupiti hapo," akaendelea kukamua. Wiki ile niliyoolewa ndiye aliyenikalisha akanifundisha maneno ya kuepuka, hili usiseme, sema lile, na kwa miaka kumi na mmoja sijakosea ila mara moja.

Katekista anasema si dhambi kutaja. Najua si dhambi. Lakini si kila lisilo dhambi linafanyika. Nakuuliza wewe: kuandika na kutamka ni kitu kimoja? Ukiliandika wewe kwa mkono wako, nami nikampa Xavery karatasi, nitakuwa nimevunja? Sielewi nishike lipi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, nami naogopa ndivyo itakavyokuwa. Rudi, Baba.

Ni mimi mkweo,
Letisia, Mama Lucia


Paje, Unguja
14 Julai 2003

Mama Lucia,

Salamu kwa wote. Miguu imepungua kuvimba. Ng'ombe jike! Nilimsomea Sebastiani mstari huo mara tatu. Mwambie mama mkwe wako vya miguu mingi sili, ila pweza nilipewa bila kuambiwa, na kwa kuwa miguu yake sikuiona sihesabu.

Barua yako nimeisoma jua likiwa hapa, nikaisoma tena likiwa kule. Lakini kwanza nikuambie la mume wako, kwa sababu linanikaa kooni.

Ijumaa nilichoka kukaa chumbani, nikaenda hotelini mwenyewe, ruhusa au hakuna ruhusa. Getini nikakuta Wamaasai watatu, shuka nyekundu, shanga mpaka kiunoni, rungu mkononi. Mmoja aliponiona alikimbilia nyuma ya jiko. Mtu hakimbii mzee asiyemjua. Nikamfuata. Mama Lucia, alikuwa mwanangu.

Amevaa shuka ya Kimaasai! Mtoto wa Kidatoga, ambaye babu zake walichukuliana ng'ombe na Wamaasai hao mpaka nyasi za Hanang zikanywa damu. Na wamempa jina la Kimaasai ambalo sitaliandika. Wazungu wanamwita kwa jina hilo naye anaitika, tena anaruka juu. Nilimwuliza, wewe ni nani? Akasema, "Baba, wageni hawajui Mdatoga. Wanajua Mmaasai tu. Nikisema mimi ni Mdatoga sipati kazi." Nilitaka kumpiga fimbo, nikakumbuka ni baba wa mtu. Nikakaa chini kwenye ndoo ya jikoni. Hapo akaja mama mmoja wa Kizungu akaniomba anipige picha, akaniita mzee wa Kimaasai. Nikakubali, sikuwa na nguvu ya kubishana.

Sikuja kisiwani kujifunza hasira, basi Hilary akanichukua kaskazini kunituliza. Kuna kijiji nimesahau kinaitwaje, na nje yake makaburi ya kale ya mawe, yamepambwa vizuri, mengine yamepasuliwa na mizizi. Hilary akawaambia wageni hapa amelala malkia aliyependa sana watu wake. Wakaguna kwa huruma. Jana tulipelekwa tena na wageni wengine. Kaburi lile lile, Hilary akasema amelala waziri aliyeuawa kwa wivu. Wakaguna pia. Nilimshika mkono tukaenda pembeni, nikamwambia, kijana, huyu ni nani? Akasema, "Mzee, hakuna anayejua. Lakini mgeni hawezi kutoka Ulaya nikamwambia sijui."

Nilirudi pale peke yangu wale wageni wakila. Niling'oa majani nikayaweka juu ya jiwe, kama tunavyofanya kwetu. Nikataka kumwita aliyelala, nikakosa la kuita. Nilisikia vibaya, siwezi kukuficha.

Sasa jibu langu. Mahali onyesha, nimekubali. Mwombe radhi Akonaay, mwambie ulitii amri yangu, na lawama ni yangu. Lakini jina, hapana. Jina la baba yangu haliingii kwenye gunia la posta pamoja na matangazo na barua za mapenzi. Na wewe usilitaje. Ningoje. Sebastiani anapewa likizo kuanzia tarehe 6 Agosti. Tutaondoka siku hiyo hiyo, wote wawili, tufike tarehe 8. Nataka asimame juu ya babu yake aseme yeye ni nani kwa mdomo wake, nami niko hapo. Ningeweza kuja peke yangu kesho. Sitaki. Nikimwacha sasa sijui nitakuja kumpata nani.

Likitokea jambo, Joakimu apige simu ya hoteli akiwa Katesh. Namba iko nyuma ya karatasi hii. Amwulizie Sebastiani Gidahosh.

Baba yenu,
Gidahosh


Dirma
29 Julai 2003

Baba,

Shikamoo. Tu wazima wa mwili.

Najua barua hii haitakuwahi. Naandika kwa sababu sijui niifanyie nini mikono yangu.

Juzi asubuhi Xavery alipita na pikipiki. Anaitwa Babati mapema kwa kazi nyingine, na vipimo vya upande wetu vimerudishwa nyuma. Ni Jumatatu, tarehe 4. Nilimwonyesha mahali kama ulivyosema. Aliuona ule mgongo, akapiga goti, akaushika udongo. Akasema, "Naamini, mama. Lakini imani yangu haiandikwi daftarini. Lete jina."

Mwalimu Joakimu alipanda baiskeli mpaka Katesh akapiga ile namba mara mbili. Mara ya kwanza ilikatika. Mara ya pili alijibiwa vizuri sana. Akamwulizia mume wangu kwa majina yake yote mawili. Wakauliza wenzao, wakarudi, wakamwambia hakuna mtu wa jina hilo pale, hajawahi kuwepo. Akasema ni mlinzi. Wakasema walinzi wao wote ni Wamaasai.

Hata ule uso wa Joakimu alipokuwa ananieleza siwezi kuuandika.

Akonaay nilimwomba radhi. Aliniambia hana neno, lakini kipande amepewa kwa karatasi, na bila karatasi nyingine hawezi kukirudisha, kwa sababu akikiacha atapewa mtu asiyeuliza. Nilimwambia asimame alitaje yeye badala yangu, kama analijua. Anajua la utani tu, lile la Mzee wa Ng'ombe Wekundu. Xavery amekataa la utani. Nimefungua sanduku lako kutafuta kadi ya kumwonyesha Xavery nisiseme kwa mdomo, umeondoka nazo. Risiti ya kodi ya zamani imeandikwa jina la ukoo tu.

Mama anakamua, anapika, anakaa na kisogo kwangu.

Baba, nimeamua. Jumatatu nitasimama nilitaje mwenyewe. Kama utaniona sifai kuwa mke wa boma hili, nitarudi kwetu Mbulu bila ugomvi, ila Lucia mniachie. Usiku sijui mchana sijui, kichwa ni kama debe. Lakini nimeamua.

Mkweo,
Letisia


Paje, Unguja
1 Agosti 2003

Mama Lucia,

Natumai barua hii inawakuta mkiwa salama. Mimi nina mafua ya bahari, lakini nakula. Ndugu yake Hilary anasafiri kwenda Singida, ataishusha barua hii Katesh, posta isiiguse.

Jana walinipeleka Kizimkazi. Kuna msikiti mdogo, ukiuona kwa nje ungedhani ghala la mahindi, una paa la bati. Nilisema moyoni leo Hilary amenileta kuona bati. Tulivua viatu tukaruhusiwa kuingia. Mzee mtunzaji akanionyesha ukutani maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe, yanapindapinda kama mizizi. Akasema yana miaka mia tisa, na yanataja mtu aliyeamuru msikiti ujengwe. Nikamwambia, baba, na wewe unalitaja jina lake hivi hivi, huogopi? Akanitazama kwa mshangao. Akasema, "Nisipomtaja mimi, atamtaja nani? Wenyewe wameshakwisha."

Nilitoka nikakaa nje. Kule kaskazini kuna mawe mazuri na aliyelala hana mwenyewe. Hapa kuna bati, na mtu wa miaka mia tisa bado anaitwa. Sisi tunanyamaza kwa heshima. Na wale wa kaskazini makaburi yao yamenyamaziwa na wasio na heshima. Lakini kimya ni kimya, ukisimama nje huwezi kujua ni kipi. Sijui kama naandika unachoweza kuelewa. Mimi mwenyewe sijielewi vizuri.

Nimekaa nimewaza: boti huzama, basi hupinduka, na mimi si kijana. Basi ndani ya barua hii kuna karatasi nyingine, nimeikunja na kuigundisha kwa uji wa muhogo. Usiifungue kama hutaki. Ndani nimeandika jina la baba yangu, kwa mkono wangu mwenyewe. Nisipofika tarehe 12, mpe Xavery. Na kama atakataa karatasi akataka sauti, taja wewe, Mama Lucia. Nakuruhusu. Nitakapofika nitakupa ndama wa ng'ombe mwekundu mbele ya watu, ili mtu asiseme umelichukua jina bure.

Sebastiani amesoma barua hii yote. Kisha leo alikwenda kazini na suruali na shati. Wamemrudisha akavae shuka. Akarudi nyumbani, akakaa. Sijui kama ana kazi bado.

Tunaonana tarehe 8.

Baba yenu,
Gidahosh


Dirma
7 Agosti 2003

Baba,

Shikamoo. Pole na safari. Barua hii anayo Mwalimu Joakimu, atakaa stendi ya Katesh mpaka mshuke, kwa sababu nataka ujue kabla hujafika nyumbani. Isome hapo hapo. Ng'ombe wazima, Lucia mzima. Mama yuko, nitasema.

Barua yako yenye karatasi imefika Jumanne. Vipimo vilikuwa Jumatatu.

Walikuja saa nne. Xavery na daftari, vijana wawili wa kamba, mwenyekiti wa kijiji, Akonaay na mkewe, na watu wengine kama ishirini waliokuja kutazama tu. Mimi nilivaa kitenge cha kanisani, nikamshika Lucia mkono. Mama alivaa ile sketi yake ya ngozi ambayo hajaivaa tangu harusi yangu, akaja nyuma yetu polepole. Hakusema anakuja, wala kwamba hataki.

Nilisimama juu. Xavery akafungua kalamu akasema, "Haya mama, aliyelala hapa anaitwa nani?" Nilikuwa nimejiandaa siku sita, Baba. Nilijua nitatetemeka, nilijua nitaona haya, nilikuwa tayari hata kupigwa. Nikafungua mdomo.

Silijui.

Nilisimama pale mdomo wazi nikigundua kwamba jina lenyewe silijui! Kwa miaka kumi na mmoja nimelikwepa, na hakuna aliyewahi kulisema mbele yangu. Mama alinifundisha maneno ya kuepuka, hakunifundisha ninaepuka nini, nami nilidhani kuzijua pembe ni kumjua ng'ombe. Nilimtazama Lucia. Yeye si mke, yeye angeweza kutaja. Akatikisa kichwa, machozi tayari. Atalijua wapi, amelelewa na sisi.

Kijana mmoja wa kamba akacheka. Xavery hakucheka. Alisema taratibu, "Mama, kama huyu ni babu yenu na hamjui jina lake, nitaandikaje?" Akonaay akaangalia chini. Niliona kalamu inashuka kuandika, nikajua inaandika shamba.

Ndipo Mama akapita kando yangu. Alikuwa ameng'oa majani, ameyashika kwa mikono miwili. Akapanda juu ya ule mgongo, akayaweka, akasimama wima. Akalitaja.

Alilitaja kwa sauti, Baba, si kunong'ona. Jina lake, na la baba yake, na la baba wa huyo. Watu wazima wa Kidatoga waliokuwepo walifunika nyuso. Halafu Xavery, Mungu amsamehe, hakulishika vizuri. Akasema, "Rudia mama, taratibu." Mama akarudia. Akasema, "Mara moja tena, niliandike sawa." Mama akarudia mara ya tatu, huku machozi yanaanguka kwenye ngozi ya sketi na sauti haikutetemeka hata kidogo. Kisha akaweka kidole gumba kwenye wino.

Wakahesabu hatua thelathini kila upande. Akonaay ndiye aliyeshika kamba upande wa mashariki, na hatua zake zilikuwa ndefu kuliko za kijana yule. Vigingi vimeingia. Hakuna atakayepalima tena.

Tulipokuwa tunarudi nilimshika Mama mkono. Aliniambia, "Siku niliyoletwa hapa nikiwa mtoto tu, watu wote walinitazama kama mzigo. Yeye ndiye aliyesema mpeni maziwa, ametembea. Nimemtaja ili asilimwe." Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Anakaa mlangoni pa zizi anatazama njia ya Katesh. Nilimwambia barua yako imekuja na ruhusa ndani yake. Aliuliza ruhusa ni ya nani. Nikasema ni yangu. Akasema, "Basi si yangu," akageuka.

Baba, mimi ni mkweo tu na si kazi yangu kukufundisha. Lakini nakuomba kwa magoti. Ukifika, usianze na ng'ombe. Usianze na mimi wala Lucia wala kilima. Anza na Mama. Chochote utakachosema, kiseme kwake kwanza, na watu wakiwepo. Yule ndama uliyeniahidi si wangu, ni wa aliyelitaja.

Karatasi yako iko salama, bado imegundishwa. Sikuifungua, sihitaji. Nimelisikia mara tatu. Miaka yote ile nilikuwa naepuka kitu nisichokijua. Sasa jina la baba yako nalijua, na tangu Jumatatu ndiyo nimeanza kulikwepa.

Mkweo,
Letisia